Anayerisiti aanze na Kiingereza, tena kwa kitabu

Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, kwa kawaida mwezi Januari, maduka ya steshenari ya Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Kaisho hayakosi wateja wa aina moja: vijana waliopata daraja la nne au sifuri, wanaotaka kujua warisiti masomo gani. Hesabu yao ni ya krediti. Ili mtu aendelee na kidato cha tano anahitaji angalau C tatu, na C inaanzia alama 45. Basi kijana mwenye D ya Biolojia, D ya Jiografia, D ya Historia na D ya Kiingereza huchagua yale matatu ya kwanza, kwa kuwa hayo yana topiki, na topiki hukaririka. Kiingereza huachwa, au huandikishwa kama nyongeza na kusomwa wiki mbili za mwisho kwa kupitia pasti pepa za miaka kumi. Kwa maoni yangu hesabu hiyo imepinduliwa. Kwa mtahiniwa wa kujitegemea wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, Kiingereza ndilo somo la kwanza la kushughulikia, hata kama alichojiandikishia ni Biolojia peke yake. Na kinachokipandisha ni kusoma vitabu vizima na kuandika kila siku kwa miezi kadhaa. Kuzungusha maswali ya zamani hakufiki huko.

Mtoto wa Bugene au wa Mabira hukua na Kinyambo nyumbani. Kiswahili hukutana nacho kwa uzito darasani, na katika miaka yote ya shule ya msingi ndicho kinachombebea hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Anapoingia kidato cha kwanza, karibu kila somo linageuka Kiingereza kwa mpigo mmoja, na lugha yake ya tatu inakuwa ndiyo njia pekee ya kuyafikia maarifa yote. (Mtu asidhani tatizo ni uchanga wa lugha ya nyumbani: Kinyambo kina kamusi na sarufi, kazi ya Josephat Rugemalira alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.) Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na Bill Dodd, waliandika ripoti juu ya Kiingereza katika shule zetu, wakakuta kwamba ni asilimia 10 hivi tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianze. Hao walikuwa wanafunzi wa kidato cha nne, waliokwisha kufundishwa kwa lugha hiyo kwa miaka. Ripoti ile ina zaidi ya miaka 40 sasa, na tangu hapo sekondari za kata zimejengwa kila upande, wanafunzi wameongezeka mara nyingi, walimu na vitabu vimegawanywa kwa wengi zaidi. Sioni sababu ya kuamini kwamba Kiingereza kimepanda kwa kasi ya majengo.

Asiyetaka kuamini ripoti ya zamani asome ya karibuni. Baraza la Mitihani, NECTA, huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na taarifa hizo zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Ndani yake mna sampuli za majibu mazuri na mabaya, zikiwa katika mwandiko wa watahiniwa wenyewe, na ni kusoma kunakofundisha kuliko madesa mengi yanayouzwa stendi. Ukizipitia za Historia, Jiografia au Biolojia, unakuta sababu za kufeli zikijirudia: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, hakuwa na maarifa ya kutosha ya mada, na Kiingereza chake kilimwangusha. Sababu ya kwanza na ya tatu, ukizitazama vizuri, ni ndugu wa tumbo moja. Aliyeulizwa chanzo cha jambo akajibu matokeo yake, si lazima awe hajui. Mara nyingi ameona neno moja analolijua ndani ya swali akamwaga kila alichokariri kulihusu. Katika mtihani wa Kiingereza wenyewe wapo wanaopewa kifungu cha ufahamu wakanakili sentensi nzima kutoka kwenye kifungu na kuziweka kama majibu. Hilo hufanywa na mtu anayeona herufi bila kuona maana, akitumaini msahihishaji ataliokota jibu mwenyewe.

Sasa mfikirie mtahiniwa huyo chumbani. Ana saa tatu. Kila swali analisoma mara tatu au nne, analigeuza kwa Kiswahili kichwani, anatafuta jibu kwa Kiswahili, halafu anaanza kulivusha kulirudisha kwenye Kiingereza, neno moja baada ya jingine, hadi sentensi inakatikia katikati kwa kukosa kitenzi. Muda unaoliwa hapo ni uleule ambao mwenzake anautumia kuandika aya nzima. Kwa hiyo mtu anayerisiti Biolojia kwa kukariri Biolojia zaidi anaweza kuwa anaongeza mzigo juu ya punda aliyekwisha kulala. D ya alama 38 inahitaji alama 7 tu iwe C. Kwa wengi alama hizo 7 wanazo tayari kichwani, ila hazikutoka kwa kukosa lugha ya kuzitolea.

Watu husema Kiingereza hakipandi kwa muda mfupi, ndiyo maana wanakikwepa. Wamesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ina ushahidi kutoka mbali. Wahitimu wa vyuo vikuu wanaoomba shahada za juu Marekani hukutana na mtihani uitwao GRE, wenye sehemu ya lugha inayopimwa kutoka 130 hadi 170. Asiyeridhika anaruhusiwa kuurudia baada ya siku 21, na hadi mara tano katika miezi 12, na pembeni mwake imeota biashara kubwa ya kuwanoa warudiaji. Mtihani ulio jamaa yake, SAT, wa kuingilia shahada ya kwanza, umechunguzwa sana kuhusu faida ya kunolewa huko. Mwaka 2009 Derek Briggs, akiandikia chama cha washauri wa udahili wa Marekani, alijumlisha tafiti zilizokuwapo na kuona kwamba katika mizani ya 200 hadi 800, mafunzo ya kulipia yaliongeza wastani wa pointi 10 hadi 20 kwenye hisabati, na 5 hadi 10 tu kwenye usomaji. Fedha zile zote, vitabu vile vyote vya mbinu, pointi 5 hadi 10! Hisabati ina kanuni zinazoweza kufundishwa Jumamosi na kutumika Jumatatu. Lugha haina topiki za namna hiyo. Inakua kwa kukutana na maneno mara nyingi, mahali pengi, hadi msomaji aache kuyashangaa.

Ni kweli vijana wale wa Marekani wengi wao walikizungumza Kiingereza tangu utotoni, na aliye karibu na dari hana pa kupanda. Wa kwetu yuko chini zaidi, na hiyo kwa upande mmoja ni habari njema, kwa maana nafasi ya kupanda ni kubwa. Tunajua hata jinsi ya kupanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 katika kila darasa la shule kadhaa za vijijini Fiji, nchi ya visiwa ambako watoto wa vijijini nao walikutana na Kiingereza zaidi shuleni. Hawakuleta mtaala mpya wala mashine. Watoto walisoma hadithi, au walisomewa na mwalimu kisha wakazizungumzia. Baada ya miezi minane maendeleo yao katika kusoma na kusikiliza yalikuwa karibu mara mbili ya wenzao waliofundishwa kwa mazoezi ya kawaida ya sarufi. Utasema hao walikuwa watoto wa darasa la nne na la tano, hawana mtihani wa taifa wala shamba la kupalilia. Sawa. Lakini jinsi msamiati unavyoingia kichwani haibadiliki mtu akifika miaka 19. Paul Nation, mtafiti wa msamiati wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya ya kawaida ya Kiingereza bila msaada kunahitaji kujua kati ya familia 8,000 na 9,000 za maneno. Hakuna mwalimu wa tuisheni anayeweza kufundisha orodha hiyo ubaoni. Ndiyo maana msomaji huanzishwa na vitabu vyepesi vilivyopangwa kwa ngazi, vile ambavyo baada ya ripoti ya Criper na Dodd mradi uliofadhiliwa na Uingereza ulivipeleka katika sekondari zetu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambavyo katika shule nyingi vimebaki jina tu kwenye daftari la stoo.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu anayesoma polepole, maneno 100 kwa dakika, akisoma dakika 20 kwa siku anapitia maneno 2,000. Kutoka mwanzo wa Machi hadi mwisho wa Oktoba ni siku 245, yaani karibu maneno laki tano. Kitabu chembamba cha hadithi kina maneno kama 20,000. Anayeanza Machi anaweza kuingia chumba cha mtihani Novemba akiwa amemaliza vitabu zaidi ya ishirini, naye ni mtu aliyemaliza miaka minne ya sekondari pengine bila kukamilisha kimoja. Pasti pepa za miaka kumi, ukiziunganisha zote, ni sehemu ndogo tu ya maneno hayo, na sehemu ya yaliyomo ni maelekezo yaleyale ya kujibu maswali yote.

Kitabu gani? Hapa tuna bahati ambayo hatuitumii. Kwa miaka mingi orodha ya fasihi ya Kiingereza ya kidato cha tatu na cha nne ilikuwa na kitabu cha Bernard Mapalala kiitwacho Passed Like a Shadow, hadithi fupi ya familia inayoangamizwa na ukimwi, yenye watu waitwao Adyeri, Amooti na Abooki, majina ya heshima ya Watoro na Wanyoro wa magharibi mwa Uganda. Msomaji wa Murongo, anayeiona Uganda ng'ambo ya mto, hahitaji kuelezwa majina hayo yanatoka wapi. Wala hahitaji kuelezwa msiba wenyewe: wagonjwa wa kwanza wa ukimwi waliogunduliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu wa Kagera, na kila ukoo una kaburi la miaka ile. Mtu akisoma jambo analolijua, neno geni hujieleza lenyewe. Lakini tunavyokisoma kitabu hiki kwenye senta za tuisheni ni aibu. Mwalimu anaandika dhamira sita, wahusika watano na mafunzo manne, wanafunzi wananakili, kitabu chenyewe hakifunguliwi. Kisha mtihani unauliza swali lililogeuzwa kidogo, na zile dhamira sita zinamwagwa vilevile zilivyonakiliwa, ziwe zimeulizwa au hazikuulizwa.

Kukisoma inavyotakiwa si kazi ya ajabu. Msomaji asome sura moja bila kamusi, akiruka asiyoyajua mradi hadithi haijampotea. Afunge kitabu. Aandike mistari mitano au kumi kwa Kiingereza chake: nani alifanya nini, kwa nini, na yeye angefanyaje. Afungue tena, alinganishe sentensi zake na za mwandishi, aone Mapalala aliunganishaje mambo mawili pale yeye alipoweka nukta na kuanza upya. Mara moja kwa wiki mtu anayejua zaidi apitie daftari, arekebishe kosa la aina moja tu, kwa mfano wakati uliopita, asilichafue lote kwa wino mwekundu. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne una sehemu ndogo tu ya kuchagua jibu. Alama nyingi hutolewa kwa yale mtahiniwa anayoyaandika mwenyewe. Anayeandika kila siku tangu Machi atakuwa ameshakosea makosa yake mengi mahali ambapo hayakatwi alama.

Najua senta zitajibu kwamba wapo waliopasua mtihani kwa pasti pepa tupu, tena tunawajua kwa majina. Wapo. Mara nyingi ni wale waliokuwa na lugha tayari wakaangushwa na ugonjwa, karo au utoro, na kwao kuzoea muundo wa maswali kulitosha. Kwa asiye na lugha, pasti pepa za Machi ni sawa na butura ya kahawa: unauza maua kwa bei ya leo kwa kuwa una shida leo, na msimu ukifika huna buni. Serikali inaipiga marufuku butura kila mwaka na watu wanaiendea, kwa sababu shida ya leo ni ya kweli. Hivyo siwalaumu vijana, na wala sisemi pasti pepa zitupwe. Nafasi yake ni wiki sita za mwisho, zifanywe kwa saa, mtihani mzima kwa mkao mmoja, halafu zisahihishwe kwa kutumia taarifa za NECTA zinazoonyesha msahihishaji alitaka nini. Kabla ya hapo zinampa mrudiaji faraja ya kuona maswali anayoyatambua, na faraja hiyo ndiyo inayouzika.

Pingamizi zito zaidi ni la muda na mahali. Anayerisiti si mwanafunzi wa bweni. Mmoja anaendesha bodaboda kati ya Omurushaka na Nyaishozi, mwingine anapalilia kibanja cha migomba na kahawa, mwingine ni mama aliyeacha shule kwa ujauzito kabla uamuzi wa serikali wa Novemba 2021 haujawafungulia wasichana kama yeye milango ya kurudi. Kuanzia Mei kahawa inaiva na nyumba nzima iko shambani. Mwambie huyo asome saa mbili jioni atakucheka. Ndiyo maana nimesema dakika 20, kiasi kinachoingia kati ya abiria na abiria, au buni ikiwa juani. Kukariri topiki za Biolojia kunadai utulivu na saa ndefu. Hadithi hukatizwa ikaendelezwa. Vitabu navyo ni shida ya kweli: maktaba ya mkoa iko Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga, na nauli ya kwenda na kurudi ni gharama kubwa kwa mtu anayelipa ada ya mtihani kutoka mfukoni mwake. Simu inasaidia kidogo, kwa maana hadithi fupi za bure kwa Kiingereza rahisi zipo nyingi, ingawa simu hiyohiyo ndiyo inayokula dakika 20 hizo kwa video za vichekesho.

Kuna wanaopinga kutoka upande mwingine kabisa, na hao nawaheshimu zaidi. Wanasema kumshauri kijana ajitahidi Kiingereza ni kumtwisha yeye kosa la mfumo, kwamba dawa ni kufundisha sekondari kwa Kiswahili. Tume ya Makweta ilipendekeza hivyo mwaka 1982 na pendekezo likawekwa kando. Martha Qorro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandika miaka mingi wakionyesha jinsi wanafunzi wanavyojibu vizuri zaidi wakifundishwa kwa Kiswahili. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri hadi serikali ikaunda tume na alama zikapangwa upya, hayakuwa ya uvivu wa watoto peke yao. Lakini mjadala huo umedumu zaidi ya miaka 40, na mrudiaji wa Isingiro ana mtihani Novemba. Wala ushauri wa kusoma hauipingi hoja yao: mazoea ya kufuata maana kutoka ukurasa hadi ukurasa huhama kutoka lugha moja kwenda nyingine, na asiyesoma kitabu cha Kiswahili kwa raha ataona cha Kiingereza ni adhabu. Mrudiaji aliye chini kabisa ningemwanzisha na riwaya ya Kiswahili mwezi mzima, bila kuona haya.

Linalobaki ni la halmashauri zetu mbili, kwani tangu Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012 kila moja ina baraza lake la madiwani na ushuru wake wa kahawa. Sekondari za kata ziko tayari, zina madarasa yanayokaa wazi jioni na siku za likizo. Kumruhusu mtahiniwa wa kujitegemea aazime kitabu katika shule iliyo karibu naye, kwa barua ya mwenyekiti wa kijiji kama dhamana, hakuhitaji jengo jipya. Kununua nakala 30 za hadithi nyepesi kwa kila kata ni gharama ambayo haifiki ya posho za semina moja. Senta nazo zingeweza kuulizwa jambo moja tu na mzazi anayelipa: mwanangu atamaliza vitabu vingapi hapa kabla ya Septemba? Bajeti za halmashauri hujadiliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati uleule ambao watahiniwa wa kujitegemea wanajiandikisha, kwa hiyo diwani anayetaka kuiingiza hoja hii hana haja ya kungoja matokeo mengine.